Chaja ipi ya kuiacha kwenye betri ya gari lililolala

Mvua za masika zikishakolea, tangu mwishoni mwa Machi hadi Mei, yadi za kampuni za utalii hapa Arusha hujaa Land Cruiser zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Barabara za hifadhini zimekuwa tope, kambi kadhaa za porini zimefungwa, na wageni ni wa kuhesabu. Gari lililokuwa likishuka kreta ya Ngorongoro asubuhi na kulala Karatu jioni sasa linakaa miezi miwili halijaguswa. Halafu Juni inaingia, wageni wanamiminika, magari yote yanatakiwa kwa wakati mmoja, na mengine ukizungusha ufunguo unasikia tik-tik-tik tu.

Kushtua gari kwa waya ni kazi ya dakika chache, na fundi umeme yeyote anaijua. Hasara yenyewe iko kwingine. Betri iliyokaa tupu kwa wiki kadhaa hairudi kuwa ile uliyoiacha. Utaichaji, itawasha, utaridhika, kisha Julai itamwangusha dereva akiwa porini Ndutu na familia ya wageni sita nyuma. Nimeona betri za mwaka mmoja zikiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na zilichokosa ni ampea moja tu ya kuzishikilia wakati wa mvua. Linaniuma, kwa sababu ni jambo linalozuilika kabisa.

Sababu iko ndani ya betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi, ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambayo bado inawasha magari yetu, kila inapotoa umeme hujenga salfeti ya risasi juu ya sahani zake. Ukiichaji mapema, salfeti ile huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha, chembe zake hukua na kuwa ngumu, na zikishakuwa ngumu hazikubali tena umeme. Eneo la sahani lililofunikwa limepotea. Kwa hiyo betri haihitaji kufika sifuri ndipo iharibike. Kukaa nusu tu kwa wiki nyingi kunatosha kuila.

Betri nzima ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, inasoma kama 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi. Kwenye 12.2 iko nusu. Ikifika 12.0 imebaki robo, na hapo salfeti iko kazini. Namba hizi nne zifae kubandikwa ukutani kwenye kila gereji, pamoja na mita ya kupimia volti, kwa sababu mita ya bei ndogo kabisa itakusaidia kuliko taa zote za kwenye chaja. Anza na mita. Chaja baadaye.

Umeme unakwenda wapi gari likiwa limezimwa? Kidogo unapotea ndani ya betri yenyewe, na joto huongeza kasi: kwa makadirio ya mafundi, kila joto likipanda digrii 10, upotevu huo huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo maana betri iliyoegeshwa Dar es Salaam au Mombasa chini ya mabati huchoka upesi kuliko ile ya Arusha. Lakini sehemu kubwa huliwa na vifaa visivyolala. Kuna king'ora, kuna saa ya redio, kuna kompyuta ya injini kwa magari mapya, na kwa magari ya safari kuna kifaa cha kufuatilia gari, redio ya mawasiliano, friji ambayo dereva amesahau kuizima, na inveta ya kuchajia kamera za wageni.

Chukua miliampea 50, yaani ampea 0.05, kiasi ambacho wengi huhesabu kuwa cha kawaida. Kwa siku ni ampea-saa (Ah) 1.2. Kwa mwezi ni Ah 36, yaani nusu ya betri ya saizi ya N70 yenye Ah 70. Kabla miezi miwili haijatimia hakuna kilichobaki. Hayo ni bila friji wala inveta.

Dawa inayotumika yadi nyingi ni kumwambia mlinzi awashe magari mara moja kwa wiki, dakika kumi kila moja. Watu husema kuwasha kwenyewe ndiko kunakomaliza betri. Sivyo. Starta ya dizeli inaweza kuvuta ampea 300, lakini kwa sekunde tatu tu, ambayo ni robo ya Ah moja. Ongeza hita za injini, haifiki hata nusu Ah. Tatizo ni marejesho. Injini ikinguruma taratibu, tuseme alteneta inaipa betri ampea 15 kwa dakika hizo kumi. Umepata Ah 2.5. Wiki nzima iliyopita vifaa vimekula Ah 8.4. Kila wiki unarudi nyuma, na wakati huohuo injini haijapata joto la kutosha kukausha unyevu uliomo kwenye oili na kwenye ekzosi. Kama gari litawashwa, liende barabarani nusu saa au zaidi. La sivyo liachwe.

Kuna njia ya bure kabisa ambayo wauzaji wa chaja hawataitaja: jaza betri hadi mwisho, kisha fungua waya wa hasi. Kwa Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, ambayo haina kompyuta ya kuchanganyikiwa, na kwa betri nzuri isiyozidi miaka miwili, miezi miwili ya Arusha itapita salama. Betri za AGM (zilizofungwa, asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo) na zile zenye kalsiamu kwenye sahani hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi zikiwa peke yake. Nasema hivi wazi kwa sababu sitaki mtu anunue chaja asiyoihitaji. Anayeihitaji ni yule ambaye kifaa chake cha kufuatilia gari hakiruhusiwi kuzimwa, labda kwa sababu ya mkopo au bima. Ni yule mwenye gari la kisasa ambalo likikatiwa umeme linasahau mipangilio yake. Ni yule aliyeko Oman au Ujerumani na gari lake liko Tanga kwa mama mwaka mzima. Na ni yule mwenye betri za maji za mtindo wa zamani kwenye joto la pwani.

Sasa chaja. Dukani utaonyeshwa ampea. Muuzaji atakwambia hii ni ya ampea 10, ile ni ya 20, na ile yenye kioo cha rangi inatengeneza hata betri zilizokufa. Kwa gari lililolala hayo yote ni ya pembeni. Swali la kwanza na kubwa linaloamua ni hili: betri ikishajaa, chaja inafanya nini?

Chaja ya kawaida ya gereji, ile nzito yenye transfoma na mshale, haifanyi chochote tofauti. Inaendelea kusukuma. Volti zinapanda zinapita 14.4, zinafika 15 na zaidi, maji yanachemka na kutoka kama haidrojeni na oksijeni, sahani zinabaki kavu. Hiyo ni chaja ya kukaa nayo karibu, uichomoe ukimaliza. Ukiiacha wiki moja utakuwa umeiua betri kwa upande wa pili, kwa kuivimbisha badala ya kuiacha na njaa.

Chaja ya kutunza betri hupitia hatua. Mwanzo inajaza kwa ampea zake zote. Kisha inashikilia volti 14.4 hivi huku betri ikijishibisha na ampea zikipungua zenyewe. Baada ya hapo inashuka, na kushuka huku ndiko unakolipia pesa. Victron Blue Smart, kwa mfano, ikitoka 14.4 inashuka hadi 13.8, kisha betri isipotumika inashuka tena hadi 13.2 na kukaa hapo, huku ikiiinua betri kidogo mara moja kwa wiki ili asidi isilale chini. CTEK MXS 5.0 ya Uswidi inafuata njia nyingine: inashikilia 13.6 kwa siku kadhaa, kisha inaiachilia betri kabisa, inaitazama, na inapoona imeshuka karibu na 12.7 inaisukuma tena. Njia zote mbili ni nzuri. Mimi napendelea ya kwanza kwa gari lenye vifaa vinavyokula umeme muda wote, kwa kuwa chaja ndiyo inayovilisha na betri inabaki imetulia.

Namna ya kuijaribu chaja usiyoijua ni rahisi, na ningependa kila mnunuzi aifanye wiki ya kwanza. Chukua betri nzima iliyojaa, iunganishe, iache siku nzima na usiku wake, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri chaja ikiwa bado imechomekwa. Ukisoma kati ya 13.2 na 13.8, uko salama. Ukisoma 12.7 au 12.9, huenda ni ya aina inayoachilia na kurudi; ipe siku mbili zaidi uone kama kweli inarudi. Ukisoma 14.4 au zaidi baada ya siku nzima, hata kama taa ya kijani inawaka na sanduku limeandikwa maneno matamu, hiyo si ya kuachwa. Taa ya kijani inasema chaja inaamini nini. Mita inasema betri inapata nini.

Namba hizo zimepigwa kwa joto la digrii 25. Joto likipanda, betri inataka volti za chini kidogo: pungufu ya kama 0.02 hadi 0.03 kwa kila digrii. Gereji ya mabati Dar mwezi wa Machi ikiwa na digrii 35, ile 13.6 iliyo sahihi Ulaya inapaswa kuwa 13.3 au 13.4. Kwa hiyo ukiwa pwani, tafuta chaja inayopima joto au inayokuruhusu kupanga volti mwenyewe. Kama haina yoyote kati ya hayo na betri yako ni ya kuongeza maji, basi fungua vifuniko kila mwezi uangalie. Unaongeza maji safi yaliyotoneshwa (distilled water), kamwe si asidi. Maduka mengi yanaviweka vyote viwili rafu moja, kwa hiyo soma chupa.

Swali la pili ni letu zaidi kuliko la wazungu waliozitengeneza: umeme ukikatika na kurudi, chaja inafanya nini? Baadhi zinakumbuka zilipoachia na zinaendelea zenyewe. Nyingine zinaamka zikiwa zimesimama, zinasubiri mtu abonyeze kitufe cha kuchagua aina ya betri. Kwa nyumba ya Tanga ambayo mama hataki kugusa nyaya, chaja ya kubonyeza haina faida hata kidogo. Katizo moja la usiku, na kuanzia hapo gari liko peke yake, tena chaja yenyewe inaweza kuvuta miliampea chache kutoka kwenye betri. Jaribu dukani: iunganishe, ianze kazi, chomoa plagi ukutani, hesabu hadi sitini, chomeka tena. Usiondoke hadi uone imerudi kazini bila mkono wa mtu.

Umeme unaporudi huwa na mapigo. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi, kinafaa pia mbele ya chaja, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na chaja nzuri.

Kwa ndugu walioko Marekani wanaotaka kuleta chaja kama zawadi, na Battery Tender na NOCO ni majina yanayopendwa huko, soma maandishi madogo nyuma ya sanduku. Kama yanasema 120 V peke yake, usiilete. Kwetu ni 230 na itaungua siku ya kwanza. Ikisema 100–240 V, njoo nayo na adapta ya plagi. Chaja ya OptiMate kutoka Ubelgiji au nyingine za Ulaya zinaingia moja kwa moja kwa upande wa volti, kasoro ni plagi tu.

Ampea sasa, kwa ufupi. Kushikilia betri iliyojaa, ampea moja inatosha: inatoa Ah 24 kwa siku na vifaa vinakula 1.2 tu. Kuifufua betri iliyo nusu, ampea moja itachukua karibu siku mbili, na chaja nyingine zina saa ya ndani inayokata tamaa kabla. Kati ya ampea 4 na 7 ndipo penye chaja inayofaa kazi zote mbili kwa gari la kawaida. Kama betri inasoma 10.5 baada ya kuchajiwa vizuri, seli moja kati ya sita imekufa, na hakuna chaja duniani itakayoirudisha. Ile hali ya kufufua, inayopandisha volti hadi 15.8 kwenye CTEK niliyoitaja, ni ya betri za maji tu, tena ikiwa imeondolewa kwenye gari ili isiguse kompyuta na redio. Inasaidia betri iliyochoka kidogo. Haiyeyushi salfeti ya mwaka mzima.

Aina ya betri lazima ijulikane kabla ya kubonyeza chochote. AGM inavumilia karibu zile volti za betri ya maji, ila haitaki hali ya kufufua kwa sababu maji yakitoka hayarudishiki. Betri ya jeli, ambayo asidi yake imegandishwa, inataka chini kidogo, 14.1 au 14.2. Na hizi za lithiamu, ambazo wengi sasa wanaziweka kwa ajili ya friji nyuma ya gari, ni viumbe wengine kabisa. Zina saketi yao ya ulinzi, hazipendi kushikiliwa zikiwa zimejaa, na zinalala vizuri zaidi zikiwa nusu na zimefunguliwa waya. Usiiunganishe lithiamu kwenye chaja isiyo na hali yake.

Kisha kuna volti 24. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli na malori mengi yana betri mbili zilizofuatanishwa, na hapa ndipo nimeona uharibifu mwingi zaidi. Fundi anataka kufunga redio ya volti 12, anachukua umeme kutoka betri moja kati ya mbili badala ya kuweka kipunguza volti. Betri hiyo inashuka peke yake kila siku. Alteneta inaona jumla ya volti 28 na kuridhika, kumbe moja iko 15 na nyingine 13: moja inachemka, nyingine ina njaa. Ukiweka chaja ya volti 24 juu ya jozi kama hiyo, unaendeleza dhuluma ileile. Kwa magari ya namna hii tumia chaja mbili ndogo za volti 12, kila moja kwenye betri yake, baada ya kuhakikisha kuwa njia zake za kutolea umeme hazijaungana ndani na waya wa ukutani. Wiki moja baadaye pima kila betri peke yake. Na redio ile ihamishwe.

Mwenye magari kumi hahitaji chaja kumi. Chaja tatu nzuri zinazozungushwa, kila gari likipata siku mbili kati ya wiki mbili, zinafanya kazi, mradi kuna daftari na mtu mmoja mwenye jukumu. Kuziunganisha betri nyingi sambamba kwenye chaja moja sishauri: moja ikiwa na seli mbovu inazivuta zote chini nayo. Zipo chaja zenye matawi, kila tawi na saketi yake, na hizo ni jambo jingine.

Ufungaji una mambo machache ambayo sikubali yarukwe. Waya wa kudumu wenye vichwa vya duara vinavyobanwa kwa boliti, si vibanio vinavyoteleza. Fyuzi karibu na kichwa cha chanya, ndani ya sentimita 20. Hewa ipite, kwa sababu haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Unganisha betri kwanza, ukutani mwisho. Ukitoa, ukutani kwanza. Na waya upite mahali ambapo panya hawafiki kirahisi, kwani boneti ya gari lililolala masika ni nyumba yao.

Pasipo na umeme wa ukutani, kama kwenye kambi iliyofungwa na gari likabaki huko na mlinzi, sola inatosha. Vile vijipaneli vya wati 5 vya kuweka juu ya dashibodi na kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara havifai: kioo kinakata mwanga, na kwenye magari mengi soketi ile inakufa ukitoa ufunguo. Chukua paneli ya wati 20, iweke juu ya keria, pitisha waya kwenye kidhibiti chaji kisha moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake. Kidhibiti si anasa, kwa kuwa paneli ya namna hiyo ikiwa juani bila mzigo inafika karibu volti 21, na usiku bila kizuizi umeme unaweza kurudi nyuma kutoka kwenye betri. Hata mawingu ya masika yakiacha saa tatu tu za jua la maana, ni kama Ah 3 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kinacholiwa. Aprili na Mei jua letu la adhuhuri liko kaskazini, kwa hiyo inamisha paneli upande huo, digrii 10 hivi, maji ya mvua yatiririke na kuondoka na vumbi.